Tuta la Kuruka la Mwandeo

Zamani mtu aliyetaka kukipanda kilima cha Mwandeo alisimama chini yake, akavua viatu, akapiga hodi kwa wenyewe wasioonekana. Siku hizi anaipiga pikipiki yake kiki tu na kupanda na moshi wake.

Mambo haya yalitokea katikati ya nyakati hizo mbili, mwaka wa tisini na tisa, wakati viatu vilikuwa havivuliwi tena lakini hodi ilikuwa bado haijasahauliwa na wote. Mmoja ambaye hakuwa ameisahau ni Sufyan Mbwana wa upande wa Kikoneni. Watu walimwita Sufyan wa Dawa, kwa kuwa kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupeleka dawa kwa pikipiki kutoka zahanati moja hadi nyingine, mvua na jua, boksi la sindano limefungwa kwa mpira nyuma yake. Pikipiki zilikuwa chache wakati huo. Mlio wake ukisikika, akina mama walitoka nje na watoto migongoni, na mwenye homa alijikongoja akakaa kitako. Leo zinapita pikipiki kama nzi na hakuna anayeinua uso, ila kulitukana vumbi.

Sufyan alikuwa mwoga. Neno hili lifaa lisemwe mapema, maana mwenyewe hakulificha. Akifika penye kijito alishuka, akakata fimbo, akapima maji kwanza. Akifika penye mchanga mwingi aliisukuma pikipiki taratibu kama mtu anayemtembeza mgonjwa. Vijana walimcheka. Yeye aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kwamba sindano za watoto hazimtaki shujaa. Katika miaka yote ile hakuvunja chupa hata moja. Watu wa kale walijua kuwa woga ni nusu ya elimu. Hawa wa sasa wanadhani ni ugonjwa wa kutafutiwa dawa.

Kisha wafadhili wa zile dawa wakaondoka kama walivyokuja, bila kuaga. Pikipiki ikachukuliwa, Sufyan akabaki na helmeti iliyopasuka na jina la utani.

Aliyemkumbuka ni Wafula, fundi wa pikipiki wa Ukunda, mtu wa Bungoma mwenye mikono mikubwa na mdomo usiochoka. Wafula alikuwa ameajiriwa katika hoteli moja ya Diani mpaka yale machafuko ya mwaka wa tisini na saba yalipowafukuza watalii. Yeye mwenyewe majirani zake Waislamu walimficha nyumbani mwao siku ambazo mtu wa bara hakuthubutu kutoka nje. Hali ilipotulia alirudi akakuta hoteli nusu zimefungwa, na Mzungu mmoja aliyekata tamaa akamwachia pikipiki kadhaa za milimani, zile za tairi zenye meno na viti vilivyoinuka juu. Wafula akaanza kuwapeleka wageni nyikani kuzichezea. Alihitaji mtu anayeyajua mapito ya huko ndani ya Msambweni.

"Sufyan, wewe utatangulia mbele," alimwambia. "Wageni watakufuata nyuma. Ukiogopa, simama. Nami nitawaambia ni sehemu ya safari."

"Na nikiogopa kila mahali?"

"Basi tutawatoza zaidi. Safari ndefu!"

Wakacheka, na kazi ikaanza.

Kilima cha Mwandeo hakikuwa miongoni mwa mapito hayo. Nani angepita? Kilikuwa msitu wa kaya juu, ule wa matambiko ya wazee, kichaka cha miiba katikati, na mikorosho ya watu chini. Lakini baada ya ile mvua kubwa isiyokwisha lilikuja jua lisilokwisha, na mwishoni mwa jua likaja moto. Wengine walisema aliuleta mrina asali, wengine walisema ni sigara ya mpita njia. Moto haukusema. Ulikula kichaka chote, ukapanda mpaka ukingo wa kaya, ukateremka ukaila mikorosho ikiwa na maua yake. Kwa siku nyingi watu wa Kikoneni waliamka na majivu kwenye vyungu vya maji.

Mvua za mwanzo ziliponyesha, Mwandeo ikaota upya kwa namna ya kutisha. Chini kulikuwa na majani mabichi laini kama nywele za mtoto mchanga, na juu ya majani hayo yalisimama magogo meusi, yamekufa wima, yakingoja siku yao ya kuanguka. Yalikuwa yakianguka hata pasipo na upepo. Visiki navyo vilikuwa vimeungua kwenda chini kuifuata mizizi, vikaacha mashimo yaliyofunikwa na majivu na ganda jembamba la udongo. Mbuzi angeweza kutembea hapo. Mtu alitembea kwa fimbo. Wazee wa kaya wakakutana wakakifunga kilima: hapana kukata, hapana kuchoma, hapana kuokota hata kijiti, mpaka mahali papoe. Atakayevunja atatengwa, hatasalimiwa, na akifa atazikwa na watu wa nyumbani kwake peke yao.

Wafula alikiona kilima kile akaruka kwa furaha. "Sufyan! Huu si msitu tena, huu ni uwanja!"

"Kimefungwa, fundi."

"Kimefungwa kukata. Mimi nakata nini? Napita tu."

Ruhusa ikatafutwa katika ofisi fulani, kwa mtu ambaye hajawahi kukiona hicho kilima hata kwa mbali, na ikapatikana. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza kwenda: neno la wazee likabatilishwa na mhuri. Sufyan alikesha usiku kucha akijigeuza kitandani, na asubuhi akaenda kuchora njia kwa miguu, fimbo mkononi, akigonga ardhi kila hatua na kusikiliza.

Hapo ndipo alipouona moshi ambao haukuwa wa kisiki.

Hakumwambia mtu. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, Mwanafatuma, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, aliyeolewa na Kombe. Kombe alikuwa Mduruma aliyesilimu kwa ajili ya kumwoa, mtu mpole mwenye kusema kidogo, na shamba lake la mikorosho ndilo lililoteketea kuliko yote.

"Mwanafatuma, leso yako inanuka moshi."

"Nimepika, kaka. Kwani wewe hula vibichi?"

"Moshi wa jikoni naujua. Huu ni wa makaa."

"Haya, umeanza uaskari lini? Maana pua hiyo ingefaa ilipwe mshahara."

Kombe akaweka kikombe chini. "Shemeji, kaa kitako. Mikorosho yangu imekufa imesimama. Nikiiacha inaanguka, nikiichoma inatulisha. Nani nimemdhulumu?"

"Ile niliyoiona kule juu si mikorosho."

Kombe akakiinua tena kikombe. Ilikuwa kweli. Mikorosho ilikuwa imekwisha, naye alikuwa ameingia katika miti ya Mwandeo, kwa sababu kule juu kila kitu kilinuka moshi tayari na hakuna ambaye angetofautisha.

"Wazee wamekifunga kilima, Kombe."

"Wazee wamefunga kilima. Matumbo hawakuyafunga."

Mwanafatuma akamshika kaka yake mkono. "Ukisema, serikali itamfunga yeye, na wazee watanitenga mimi. Nitaishi wapi mtu nisiyeamkiwa?"

Sufyan akatoa neno lake kuwa hatasema. Lakini mwoga hatoi neno bila sharti. Alimtaka Kombe amwonyeshe kila tanuri, lililowashwa na litakalowashwa, ili aipitishe njia ya pikipiki mbali nalo. Kwani tanuri la makaa ni jambo la siri: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, yanawashwa kwa ndani, na kwa nje huoni ila kichuguu cha udongo mweusi kama vichuguu vyote vya mahali palipoungua. Juu kimya, ndani jehanamu.

Wageni wa Wafula, kwa upande wao, walipenda kitu kimoja kuliko vyote: kichuguu. Wakiona mwinuko wowote walitaka kuuendea kwa kasi, waruke hewani, watue mbele wakipiga kelele. Sufyan aliliona hilo siku ya kwanza. Angewazuia vipi wasivirukie vichuguu katika kilima kilichojaa vichuguu? Akawaza, akapata hila. Tanuri la kwanza kabisa la Kombe, lililokuwa chini ya mteremko mrefu, lilikuwa limekwisha kufunguliwa, makaa yametolewa, udongo umerundikwa pale pale umepoa. Akawapa hilo.

"Hili ndilo tuta lenu," aliwaambia. "Rukeni hili hili mpaka mchoke. Mengine yote yana nyoka."

Na akaweka utaratibu. Yeye hutangulia, hulizunguka tuta, huugusa udongo kwa kiganja, kisha husimama kando yake na kupunga kitambaa cheupe. Walio juu ya mteremko wakimwona amesimama pale, hushuka. Ukawa mchezo mtamu. Wafula akalisifu tuta la Mwandeo mpaka kwenye hoteli za Diani, na Sufyan akasimama kando yake siku baada ya siku, akipunga.

Kisha akaumwa malaria. Wageni nao wakaadimika. Kwa majuma kadhaa hakuna pikipiki iliyopanda Mwandeo.

Aliporudi kazini bado miguu yake ilikuwa ya mtu mwingine. Siku hiyo Wafula alikuwa amepata wageni wawili kutoka Nairobi, Griffin na mchumba wake Christabel, watu wa mjini waliovaa jezi za rangi kama kasuku. Griffin hakuacha kuongea.

"Fundi, hiyo jump yenyewe iko wapi? Nimeskia story tangu jana."

"Iko. Utaruka mpaka uone Tanga," Wafula akasema.

"Na huyu mzee ndiye guide? Mzee, unajua kuendesha ama unaomba tu?"

"Nafanya yote mawili, mwanangu," Sufyan akasema. "Kuomba huanza."

Walipofika kijitoni chini ya kilima, Christabel alisimamisha pikipiki yake akaivua helmeti. Uso ulikuwa umemwisha damu. Gogo moja jeusi lilikuwa limeanguka mbele yao, mbali, polepole, bila upepo, na mlio wake ulikuja baada ya lenyewe kulala.

"Mimi siendi huko," alisema. "Griffin, nakuambia, siendi."

"Babe, ni mti tu!"

"Basi uoe mti."

Wafula akacheka sana. Akamgeukia Sufyan. "Wewe kaa na dada hapa. Waoga mkae pamoja mpeane pole. Mimi na Griffin tunazunguka kwa juu, tunalishukia tuta, tunarudi."

"Fundi, ngojeni nikaliangalie kwanza."

"Uangalie nini? Limeota meno? Nyinyi watu wa pwani, polepole mpaka kaburini!"

"Hatushuki bila mimi kusimama pale. Huo ndio utaratibu."

"Utaratibu ni wa wageni wa kigeni. Huyu ni Mkenya, bima yake ni Mungu!" Wafula akapiga kiki, na zile pikipiki mbili zikapanda zikilia mpaka zikapotea nyuma ya magogo.

Sufyan alikaa juu ya jiwe. Alijiambia hakuna neno. Tuta limepoa zamani, matanuri mengine yako upande wa pili. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara maneno yalizidi kuwa membamba.

Ndipo akamwona Mwanafatuma akija na njia ya kijitoni, amebeba debe la maji kichwani. Alipowaona akasita, kisha akaja.

"Shikamoo, kaka. Umepona?"

"Marahaba. Alhamdulillahi." Kisha akabadilisha lugha, akamwuliza kwa Kidigo ili mgeni asisikie: "Maji haya unayapeleka wapi? Nyumba yako iko nyuma yako."

"Kwa Kombe. Kesho anafungua, anataka ya kuzimia."

"Anafungua lipi? Yale ya upande wa pili yana kijito chao."

Mwanafatuma alimtazama kama mtu anayetazama kikombe kikianguka. "Hakukwambia? Alikuja, akakuta una homa unaweweseka. Amepanga kwenye lile la kwanza, chini ya mteremko. Udongo wake umeshaiva moto, kaka, haupasuki, hauvujishi moshi. Wachoma makaa wote hurudia udongo wa zamani. Tulidhani hao wa pikipiki wamekwisha kwenda zao."

Baadaye Sufyan hakukumbuka alivyoifikia pikipiki. Alikumbuka sauti ya Christabel ikiuliza, "Kuna nini? Mzee, kuna nini?" na debe likimwagika mawe yakalowa.

Njia ya Wafula ilizunguka kwa juu, ndefu. Palikuwa na njia fupi ya kukata moja kwa moja, na Sufyan ndiye aliyekuwa amekataza mtu yeyote kuipita, kwa sababu pale ndipo visiki vilipoungua kwenda chini. Aliiingia. Mwanamume ambaye alipima vijito kwa fimbo aliingia katika mashimo kwa gia ya tatu. Majivu yalipanda yakamwingia machoni. Gurudumu la mbele likazama, likatoka. Likazama tena, akarushwa kifuani juu ya usukani, akabaki amekalia pikipiki bila kujua kwa nini. Nyuma yake alisikia ule mlio wa gogo linapoachia mizizi, kama mtu anayekohoa, na ardhi ikapiga. Hakugeuka. Kila alichokuwa amekiogopa maisha yake yote kilikuwa kimekusanyika mahali pamoja, naye alikuwa akikipita akisoma ayatul kursi kwa sauti na kuikosea.

Kule juu ya mteremko waliliona vumbi lake.

"Cheki mzee!" Griffin alipiga kelele, na sauti ilibebwa na bonde. "Anatushinda!"

"Sufyan!" Wafula akanguruma kwa furaha. "Leo umeamka!"

Sufyan alifika kwenye tuta kabla yao. Na mara alipolitazama alijua. Lilikuwa limenenepa. Udongo ulikuwa umepigwa ukapigwa kwa sepetu ukawa laini kama tumbo la chungu, na juu yake hewa ilikuwa ikicheza, inavyocheza juu ya barabara ya lami wakati wa adhuhuri. Hapakuwa na moshi hata uzi mmoja. Kombe alikuwa fundi.

Akageuka kutazama juu. Walikuwa wamesimama kileleni mwa mteremko, wawili, wadogo, wamemwona. Akainua mikono yote miwili akaipunga.

Na papo hapo akauona mkono wake mwenyewe na moyo ukamfia. Siku zote kusimama kwake pale, na kupunga kwake, ndiko kulikokuwa ruhusa. Hakuwa amewahi kuwapa ishara ya kukataa, kwa kuwa hakuwahi kuwaita mahali ambapo pangefaa kukataliwa. Zile pikipiki zikanguruma pamoja. Zikaanza kushuka.

Alipiga kelele. Alisema tanuri, akasema moto, akataja hata jina la Kombe, ile siri yote aliitema mbele ya kilima kizima, na hakuna aliyesikia, kwa sababu ya helmeti na injini. Wafula alikuwa mbele, amesimama juu ya vikanyagio, kifua mbele. Alikuwa akicheka, Sufyan aliyaona meno.

Basi akafanya alilobakiwa nalo. Aliisukuma pikipiki yake akailaza njiani, mbele ya tuta, pale pale ambapo tairi zingeanza kupanda, naye akarudi nyuma ili asipondwe. Akarudi hatua moja zaidi ya inavyofaa. Kisigino chake kikakanyaga ubavu wa tanuri, ubavu ukapasuka, na mguu wake wa kulia ukaingia ndani mpaka gotini.

Wafula aliiona pikipiki imelala, akakata usukani, akaanguka upande akiburuzwa kwenye majivu. Griffin alikwenda upande mwingine akatua kwenye majani. Walipoinuka, walimsikia Sufyan. Watu waliomsikia kutoka kijitoni walidhani ni mnyama.

Wa kwanza kumfikia hakuwa mmoja wao. Alikuwa mtu mweusi kwa masizi tangu utosini, aliyetoka nyuma ya magogo na sepetu mkononi. Alikuwa amejificha pale tangu aliposikia pikipiki, na angeweza kuendelea kujificha, au kukimbilia upande wa pili wa kilima asionekane milele. Kombe alitupa sepetu, akamkumbatia shemeji yake kwapani akamvuta, akamlaza, akaumwagia ule mguu udongo mbichi kwa mikono yake miwili, na huku nyuma yake hewa ikaingia katika lile tundu na tanuri lote likawaka kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa.

"Nini hii?" Griffin alikuwa akirudia. "Mnachoma nini hapa? Mnachoma nini?"

Wafula alitazama moto, akatazama tuta ambalo alikuwa amelisifu Diani nzima, akamtazama mtu mwenye masizi. Kisha akachutama karibu na Sufyan.

"Ulijua?"

"Hili sikulijua. Mengine niliyajua."

"Siku zote hizo umesimama hapa unatupungia?"

"Siku zote nilisimama hapa ili msisimame kule, fundi."

Wafula akainuka. Akavua shati. Mwanafatuma alikuwa amefika akihema, debe tupu mkononi, Christabel nyuma yake. Leso ya mmoja na shati la mwingine vikafungwa pamoja, na Sufyan akafungwa mgongoni mwa Wafula kama mtoto, wakashuka. Wafula aliendesha polepole njia nzima. Penye mchanga alishuka akasukuma.

Griffin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusimulia tu. Alisimulia hotelini, na aliowasimulia wakasimulia, na kabla ya Ijumaa askari wa msitu walikuwa wakiuliza Kikoneni nyumba ya mchoma makaa wa Mwandeo iko wapi. Wazee nao walikutana. Hawakupiga kelele, wazee wa wakati huo hawakuhitaji. Asubuhi Mwanafatuma alikwenda kisimani akawaamkia wanawake watano wa mtaani mwake, na aliyesikika akijibu ni ndoo yake tu.

Ni Wafula aliyepeleka habari ya askari. Alikuja mpaka nyumbani kwa Sufyan, akasimama mlangoni bila kuingia. "Kesho watakuja kwa shemeji yako. Sikukwambia mimi." Alipiga teke jiwe. "Na kazi imekwisha, Sufyan. Sisemi wewe. Nasema mimi siwezi tena kumwona mtu akinipungia."

Jioni hiyo, baada ya sala ya alasiri, Mwanafatuma na Kombe walikuja kuaga. Sufyan alikuwa amelazwa kwenye mkeka kibarazani, mguu umeinuliwa juu ya mto. Mwanafatuma alikuwa na kichupa cha asali. Ilikuwa asali ya Mwandeo, ya mizinga iliyokuwapo kabla ya moto, na hakuna atakayeipata tena. Aliufungua mguu akaipaka yote, mpaka akaufuta mdomo wa kichupa kwa kidole.

"Mnakwenda wapi?"

"Mackinnon Road," Kombe akasema. "Binamu yangu Karisa anapakia malori huko. Anasema kazi ipo."

"Huko ni vumbi tupu."

"Vumbi nimelizoea, shemeji."

"Kaka," Mwanafatuma akasema bila kuinua macho, "ungewaacha wakaruka, je?"

"Wangekufa."

"Najua. Nauliza tu." Alifunga kitambaa, fundo moja, fundo la pili. "Nikiwa njiani nitakuwa najiuliza, kwa hiyo nimeona niulize mara moja hapa, nimalize."

"Na Kombe angebaki nyuma ya gogo, je?" Sufyan akamwuliza.

Mwanafatuma alimtazama mumewe, mtu yule mpole aliyekuwa akikwangua masizi kwenye kucha. "Basi nisingekuwa na mtu wa kwenda naye," alisema.

Desturi ilikuwa mgeni asindikizwe, hata kama ni jirani, angalau mpaka njia panda. Sufyan alijaribu kuinuka akashindwa, jasho likamtoka. Dada yake akamrudisha chini kwa kiganja kimoja. "Lala. Tutajisindikiza."

Wakaondoka. Kombe alikuwa ameitia sepetu ndani ya gunia na kuning'iniza vyombo kwenye mpini wake, begani. Mwanafatuma alivaa buibui la misiba, na debe lile lile kichwani, sasa limejaa nguo. Kutoka kibarazani Sufyan aliweza kuwaona mpaka pale njia inapopita chini ya Mwandeo. Magogo yalikuwa bado yamesimama, meusi, na chini yake kijani kilikuwa kimepanda hadi magotini.

Hapo Mwanafatuma alisimama. Aliutua mzigo, akavua ndala zake, akazishika mkononi, akasimama peku akikielekea kilima. Midomo yake ikitembea au haitembei, kwa umbali ule Sufyan hakuweza kujua. Kombe alimngoja. Kisha ukasikika mlio wa pikipiki ukija kutoka upande wa barabara kuu. Akavaa ndala, akajitwika debe, wakapisha njia, na vumbi lilipotulia hawakuwapo.